Pipa la Kumi

Sikuligonga pipa la kumi. Ni mara ya kwanza naiandika sentensi hii, na hata sasa, mwanamke wa makamo mwenye shahada mbili na miwani ya kusomea, nimeinuka kwanza kuangalia kama mlango umefungwa. Kwa zaidi ya miaka thelathini kila nilipoulizwa nilijibu kwamba nililigonga. Mama aliniuliza mara tatu kabla hajafariki. Mdogo wangu Malimi ameniuliza mara nyingi kwa mzaha, na mara moja bila mzaha. Baba aliniuliza mbele ya watu, nikiwa na miaka minane, na jibu nililompa siku ile lilimharibia mtu jina.

Kilichonichokoza ni harufu. Juzijuzi nilikuwa kwenye basi kwenda Mpanda kumtazama baba, na karibu na Sitalike tukasimamishwa na mafundi waliokuwa wanaziba mashimo ya barabara. Lami ilikuwa inachemka juu ya kuni. Abiria wenzangu walifunga madirisha, wakakohoa, wakalalamika. Mimi nilifungua la kwangu. Mama mmoja aliyekaa pembeni yangu na kuku wawili kwenye kikapu aliniuliza kama naumwa, kwa kuwa nilikuwa nimeshikilia kiti cha mbele kwa mikono miwili kama mtu anayeona sakafu inamkimbia.

“Ni kichefuchefu tu,” nilimwambia. Nikishtuliwa huwa nasema uongo kwa wepesi sana. Ni kipaji cha tangu zamani.

Tuliishi juu ya maji, Ziwa Rukwa, upande wa Mpimbwe, nusu siku kwa baiskeli kutoka Kasansa. Wavuvi waliiita nyumba yetu pantoni ya Maganga. Maganga ni baba. Alikuja Katavi akiwa kijana, akitembea nyuma ya ng'ombe wa babu kutoka Usukumani, na ukoo mzima ulitegemea atazeeka nyuma ya ng'ombe hao hao. Yeye akapenda mpunga, akalima kando ya ziwa. Sasa ziwa lile halina mpaka wa kuaminika. Mwaka mmoja lilipanda likala shamba pamoja na nyumba. Baba akajenga mbali zaidi, ziwa likarudi nyuma, likamwacha kwenye vumbi na jembe lake, maji yakiwa mstari tu kule upeoni. Akalifuata, akajenga karibu. Likapanda tena. Mtu mwingine angehamia mjini akauza chumvi na sabuni. Baba alikaa siku tatu bila kusema na mtu, kisha akamwambia mama kwamba nyumba ya nne itakwenda linakokwenda ziwa.

“Na mimi nitakwenda inakokwenda nyumba?” mama aliuliza.

“Ndiyo.”

“Haya. Ila choo kiwe nchi kavu.”

Mapipa ya kuifanya nyumba ielee yalitoka Mpanda mjini, kwa Mzee Athumani, Mmanyema aliyekuwa na duka karibu na soko. Aliuza kila kilichotupwa na wengine: matairi, mabati ya zamani, mapipa matupu ya mafuta. Alikuwa rafiki wa baba tangu zamani, walitaniana mpaka mama akawa anaondoka kwa aibu. Mapipa aliyaleta mwenyewe juu ya lori, akakaa nasi siku nne kumfundisha baba namna ya kuchemsha lami na kuipaka kwenye mishono, na namna ya kukata mpira wa tyubu ya baiskeli ukakaa chini ya kifuniko cha pipa. Nyumba ilipoelea, baba alimkaribisha apande. Mzee Athumani alivua kofia, akaitazama, akaivaa tena.

“Msukuma wangu,” alisema, “mimi nitakunywa chai hapa hapa. Mungu aliumba ardhi kwa kazi hiyo.”

Nyumba yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha matete chenye paa la bati, na baraza pande zote. Maji ya mvua yalitiririka kutoka batini kuingia kwenye mtungi. Mchicha uliota kwenye masufuria yaliyotoboka. Samaki tulivua mlangoni, mifupa ikaenda kwa bata, mavi ya bata yakaenda kwenye mchicha. Majivu ya jikoni yalisugua vyombo. Hatukununua kitu zaidi ya chumvi, viberiti na mafuta ya taa; nafaka na mkaa tulibadilishana kwa samaki.

Leo mambo haya yana jina na wafadhili. Miaka michache iliyopita nilikaa kwenye warsha ya makazi endelevu, katika hoteli yenye kiyoyozi cha kutetemesha, mzungumzaji akatuonyesha picha za nyumba zinazoelea huko Ulaya, zenye maua madirishani na paneli za jua. Nikanyoosha mkono. Nikasema mimi nilikulia humo. Watu walipiga makofi. Nilieleza maji ya mvua, mchicha na bata, nikaeleza kwa ufundi, mpaka nikaombwa niandike makala. Niliiandika, na ikasifiwa. Katika makala ile nyumba yetu ina mapipa tisa.

Ambacho sikukiandika ni hofu. Ukiwa mtoto nchi kavu, unaogopa kitu kilichoko kule: porini, makaburini, nyuma ya zizi. Sisi kilikuwa chini ya miguu. Nilikula juu yake, nikalala juu yake, na kati yangu na hicho kitu palikuwa na ubao wenye unene wa vidole viwili. Malimi alikuwa ndio kwanza anatambaa. Mama alimfunga kiunoni kwa kipande cha khanga na kamba ndefu iliyoshikilia nguzo ya katikati, kamba iliyopimwa ili afike mlangoni na asifike ukingoni. Nilikuwa naipima kila siku kwa macho. Nilikuwa mtoto wa kupimapima.

Kila asubuhi, kabla ya uji, mapipa yalipaswa kugongwa. Kazi hiyo ilikuwa yangu, kwa sababu nilikuwa mwepesi na ukingo haukuinama nilipoulalia. Yalikuwa kumi, yamelala kwa ubavu chini ya sakafu, matano upande wa nchi kavu, matano upande wa matete, kila moja limekazwa kwa kamba mbili. Nililala kifudifudi, kichwa kikining'inia nje, uso shubiri moja kutoka majini, nikagonga kitako cha kila pipa kwa mwiko wa ugali uliochakaa. Pipa lenye hewa hulia. Unaligonga na sauti inakimbia mpaka mwisho na kurudi. Pipa lililoingiza maji hunyamaza, linakujibu kama gunia la mahindi. Likinyamaza, baba anazamia, anafungua kamba, analitoa, analimwaga, analipaka lami na kulirudisha. Hakuna namna nyingine ya kujua. Kutoka juu pipa zima na pipa linalokufa yanafanana.

Baba aliuliza kutoka ndani, akiwa anavaa, “Yanalia?”

“Yanalia, baba. Yote kumi.”

Hapo ndipo mama alipowasha jiko.

Aliyeniharibia kazi hiyo ni baba mkubwa, kaka yake baba, bila kukusudia. Alikuwa na ng'ombe wengi, na kiangazi aliwaleta kunywa maji upande wetu. Alikuwa akisimama ufukweni na fimbo mabegani, akipiga kelele.

“Maganga! Umeshaota magamba?”

“Bado, kaka. Wewe umeshaota pembe?”

“Baba angekuona angelia!”

“Baba angekuja kuomba samaki!”

Siku moja mama alinituma kwake nikachukue maziwa. Alinijazia kibuyu, akaniangalia, akauliza, “Wewe mayu, mama yangu mdogo, ndiye unayegonga yale madebe kila asubuhi?”

“Ndiyo, baba mkubwa.”

“Saa ile ile?”

“Ndiyo.”

“Mahali pale pale?”

“Ndiyo.”

Alitikisa kichwa. “Mamba hana haraka. Siku ya kwanza anakusikia. Siku ya pili anakusikia. Siku ya tatu anasogea. Nyie watu wa ratiba ndio anaowapenda.” Kisha akacheka, akanipigapiga kichwani, akawafuata ng'ombe wake.

Nafikiri alitaka niwe mwangalifu tu. Lakini nilikuwa mtoto aliyechukua maneno ya wakubwa kama mafundisho ya darasani, nikarudi kwenye mtumbwi nikiwa nimeelewa jambo zima. Kwa miezi yote ile nilikuwa nagonga kengele ya chakula, na chakula chenyewe ni mimi.

Pipa la kumi lilikuwa la mwisho, kona ya nyuma, upande wa matete. Jua la asubuhi halikufika pale. Maji yalikuwa meusi, na matete yalisogea hata pasipokuwa na upepo. Asubuhi iliyofuata nililala kifudifudi, nikanyoosha mwiko, na kabla sijagonga nikaona mapovu. Yalikuja madogo, matatu, manne, yakapanda taratibu kutoka chini ya pipa na kupasuka mbele ya pua yangu. Kitu kilikuwa kinapumua.

Sikupiga kelele. Nilijivuta nyuma kwa tumbo mpaka kwenye pipa la tisa, nikaligonga. Nikahesabu moyoni kiasi cha kutambaa hatua mbili. Kisha nikaligonga tena lile lile la tisa.

“Yanalia?”

“Yanalia, baba. Yote kumi.”

Nilifanya hivyo kama wiki tatu. Kila asubuhi nilijiambia kesho nitaligonga, na kila asubuhi mapovu yalikuwa pale. Nilianza kuona na mambo mengine. Uji uliegemea upande mmoja wa bakuli. Kitunguu kilichoanguka jikoni kilibingirika chenyewe mpaka kona ile, kikasimama kama kilichoitwa. Niliyapanga yote pamoja kwa akili yangu ya miaka minane na nikapata jibu moja: mamba amechoka kunisubiri chini, sasa ameweka kidevu chake juu ya kona ya nyumba yetu.

Mama naye aliona. “Baba Kabula, nyumba inalala upande.”

Baba aliweka bakuli chini, akanitazama. “Kabula. Mapipa yanalia?”

“Yanalia.”

“Yote?”

“Yote kumi, baba.”

Alitingisha kichwa kukubali, akaniamini. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote, wepesi wa kuniamini. Alisema basi ni mzigo, akahamisha magunia matatu ya mahindi kutoka kona ya nyuma kwenda kona ya mbele, upande wa nchi kavu. Nyumba ikakaa sawa. Mimi niliona tumeshinda, tumemtikisa mamba akaondoka. Mchana ule niliimba. Keshokutwa yake kitunguu kikabingirika tena.

Siku yenyewe ilikuwa ya jua kali. Baba alikuwa amekwenda na mtumbwi kuangalia nyavu zake, si mbali, tuliweza kuona kofia yake. Mama alikuwa anapika maharage kwenye jiko la mkaa mlangoni. Malimi alikuwa anacheza na mwiko wangu. Mimi nilikuwa nimekaa baraza la nyuma nikitoa mawe kwenye mchele. Upepo wa alasiri ulikuja mapema, kama unavyokuja pale, bila kutuma salamu, na mawimbi ya kwanza yakaingia chini ya sakafu.

Nyumba iliinuka, ikakaa. Ikainuka tena, na ilipokaa haikuacha kushuka. Kona ya nyuma ilizama kama mtu anayepiga magoti. Ungo ulinitoka mikononi, mchele wote ukaingia ziwani kwa sauti ndogo sana. Ndani nikasikia magunia yakianza kuja, yale yale ya kona ya mbele, yakiteleza kuvuka chumba. Kisha Malimi akatoka mlangoni akiserereka kwa makalio, anacheka, anadhani ni mchezo, akanipita, fundo la kamba likateleza kabla ya kukaza, naye akabaki ananing'inia ukingoni, miguu na kiuno ndani ya maji, pale pale kwenye kona ya pipa la kumi. Kicheko kikakatika. Nyuma yake, mlangoni, jiko likapinduka.

“Kabula! Mshike mtoto!”

Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Mikono yangu ilikuwa mitupu. Na hapo, umbali wa mkono mmoja nyuma ya Malimi, kitu kikapanda kutoka chini. Kilikuwa kirefu, cheusi, chenye utelezi wa kijani na mabaka ya kutu, mgongo tu ndio uliokuwa juu ya maji, kikajigeuza polepole upande wetu.

“Mamba!” nilipiga kelele. Sikusogea. Nilikumbatia nguzo ya baraza nikarudia neno hilo mpaka sauti ikakauka.

Mama alipita juu ya makaa. Nasema juu ya makaa kwa sababu hakukuwa na njia nyingine, mlango wote ulikuwa mkaa na maharage. Alipita peku, akaanguka, mkono wake wa kushoto ukashika chuma cha jiko, akainuka, akajirusha kwa tumbo na kumnyakua Malimi kwa khanga ya kiunoni. Akamvuta juu kama anavyovuta ndoo. Ndipo alipokitazama kile kitu. Kilikuja kikagonga ukingo wa nyumba, kikatoa mlio mfupi, mzito, wa bati.

“Pipa,” mama alisema. “Kabula, ni pipa.”

Lilikuwa limechomoka kwenye kamba zake, robo tatu limejaa maji.

Baba alitufikia, akatupakia kwenye mtumbwi mmoja mmoja, Malimi kwanza. Ufukweni, wake wa wavuvi walimpaka mama asali mkononi na nyayoni. Alipiga kelele mara moja tu. Hakurudi tena juu ya maji, wala hakuna aliyemwomba arudi.

Kesho yake baba alilivuta lile pipa nchi kavu, akachuchumaa mbele yake. Mshono ulikuwa umefunguka urefu wa kidole, na pembeni mwa ufa, chini ya rangi, chuma kilikuwa kimeliwa na kutu.

“Juzi lililia?” aliniuliza.

“Lililia.”

“Jana asubuhi?”

“Lililia, baba.”

Nilimwona akifikiri, na hata kwa umri ule niliona fikra zinakoelekea, sikuzizuia. Pipa linalovuja taratibu lingenyamaza siku nyingi kabla. Kama lililia jana, basi lilipasuka kwa mpigo mmoja. Pipa lililopakwa lami vizuri halipasuki kwa mpigo mmoja, isipokuwa chuma kilikuwa kimeoza tangu dukani. Na kama kilikuwa kimeoza tangu dukani, aliyepaka rangi juu ya kutu anajulikana.

Tulikwenda Mpanda kwa lori la mpunga, baba, mimi na kile kipande cha mshono alichokikata kwa patasi. Safari nzima baba alikishikilia mapajani. Mimi nilikuwa natapika pembeni, na dereva alisema ni petroli.

Mzee Athumani alikuwa barazani pa duka na wateja wanne au watano. Alituona akainuka na mikono yote miwili juu. “Msukuma! Umekimbia viboko?” Baba hakujibu salamu. Aliweka kile kipande cha bati juu ya meza, katikati ya misumari, akaeleza kwa sauti ambayo wote waliisikia. Alieleza mtoto majini. Alieleza mkono wa mama. Mzee Athumani alikichukua kipande, akakigeuza, akakigeuza tena.

“Maganga, hili lilikuwa linakula taratibu,” alisema. “Tazama ukingo. Halikufunguka siku moja. Hamkuligonga?”

“Linagongwa kila siku.” Baba alinishika bega, akanisogeza mbele. “Sema, Kabula. Siku ile asubuhi, pipa la kumi lililia au halikulia?”

Wote walinitazama. Kulikuwa na mtu ameshika tochi mkononi ambayo bado hajailipia, akasimama nayo hivyo hivyo. Mzee Athumani alichuchumaa uso wake ukawa sawa na wangu. Alikuwa na harufu ya karafuu.

“Usiogope, binti,” aliniambia taratibu. “Sema tu ulivyosikia. La kumi. Lile la kona.”

Kama angenikaripia, nadhani ningesema kweli. Aliponiambia nisiogope ndipo nilipoogopa kabisa. Nilimwona mama juu ya makaa. Nilijua nikitamka neno moja, ule mkono utakuwa wangu.

“Lililia,” nilisema.

Alibaki amechuchumaa kidogo. Kisha akainuka kwa kushika goti, akamwambia baba mbele ya wale watu, “Mtoto mdogo hivi hawezi kutunga. Kama amesema lililia, lililia. Basi kosa ni langu, Maganga. Sikuona, lakini ni langu.”

Baba aligeuka tukaondoka.

Maneno yalitangulia kufika ziwani. Wavuvi walikuwa wananunua kwake mapipa ya kukaushia na kuhifadhia samaki, wakaacha. Ikawa mzaha wa kambini: ukiona kitu kimepakwa rangi vizuri, umenunua kwa Athumani? Baada ya muda akaacha mapipa, akabaki na matairi, na baadaye akafunga duka akahamia Tabora kwa watoto wake. Kabla hajahama, sisi tulikuwa tumeshaiacha pantoni na kupanga Mpanda, mitaa miwili kutoka kwake. Kwa miaka yote waliyoishi mji mmoja, baba akimwona alivuka barabara. Niliwahi kuvuka naye, nimeshikwa mkono.

Mama aliniuliza mara ya kwanza nikiwa darasa la saba. Alikuwa anakuna nazi, mkono wa kushoto umekunjamana mpaka kwenye kiwiko. “Kabula, zile asubuhi za mwisho la tisa na la kumi yalikuwa yanalia sawasawa. Zamani hayakuwa sawa. La kumi lilikuwa na sauti ya juu kidogo.” Nilimwambia sikumbuki tofauti. Mara ya pili nilikuwa chuo kikuu, nikamjibu kwa hasira, kama wasomi tunavyojibu tukikosa hoja. Mara ya tatu ilikuwa hospitali, na presha ilikuwa imempunguzia maneno. Aliuliza tu, “Uligonga?” Nikasema, “Niligonga, mama.” Akafumba macho, akanipigapiga mkono, kana kwamba mimi ndiye mgonjwa.

Basi lilipotushusha Mpanda, harufu ya lami ilikuwa bado puani. Nilimkuta baba kibarazani kwake akishona wavu ambao hatautumia, anashughulisha tu mikono. Nilimwamkia, nikapewa kigoda, nikaulizwa habari za watoto. Nilikuwa nimejiandaa njiani na hotuba yenye utangulizi. Ilitoka hivi: “Baba, sikuligonga pipa la kumi. Niligonga la tisa mara mbili. Niliogopa mamba.”

Sindano ya wavu ilisimama. Nilisubiri. Nina miaka ya kutosha kuitwa bibi na watoto wa mtaani, na nilikuwa nimebana magoti kama nasubiri fimbo.

“Siku ngapi?” aliuliza.

“Kama wiki tatu.”

“Mama yako alijua?”

“Aliniuliza mara tatu.”

“Basi alijua.” Bodaboda ilipita, ikapita nyingine. “Athumani yuko hai?”

“Yuko hai. Malimi ana namba yake.” Malimi anaendesha lori la Tabora, na kwa miaka kadhaa amekuwa akimpitia yule mzee na kumpelekea mchele. Sikuwahi kumuuliza kwa nini, nikihofia jibu.

“Mpigie,” baba alisema. “Hapa hapa. Nisikie.”

Malimi alinitumia namba kwa ujumbe, nikaikosea mara mbili. Nikaweka sauti ya nje. Iliita mpaka nikaanza kuomba isipokelewe.

“Haloo.”

“Shikamoo, Mzee Athumani.”

“Marahaba. Nani mwenzangu?”

“Kabula. Binti wa Maganga, wa pantoni.”

Kulikuwa na kijiko kinakoroga kikombe upande wa pili. Kikaacha. “Nakusikia.”

Nilisema yote kwa pumzi moja.

“Rudia,” alisema. “Polepole. Sikio langu moja limeshastaafu.”

Mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi, maana sasa nilijisikia mwenyewe. Nilipomaliza nikasikia kikombe kikiwekwa chini.

“Wiki tatu,” alisema. “Unajua, binti, kila nikimaliza kuswali nimekuwa nikiliuza upya lile pipa. Naligeuza, naangalia mshono. Nauliza, Athumani, uliona kutu ukapaka rangi? Sikumbuki kuona. Basi nikajiambia, labda uliona ukajisahaulisha, maana mtoto alisema.”

“Naomba unisamehe, Mzee.”

“Ngoja kwanza. Nimeomba msamaha kwa Mungu miaka yote hii. Kwa hiyo zile dua zilikuwa zako?”

“Zilikuwa zangu.”

Alianza kucheka, kicheko chembamba kilichoishia kwenye kikohozi. “Haya. Nimekuhamishia zote. Uzitunze, nimezifanyia kazi sana.” Kikohozi kikatulia. “Msukuma yuko wapi?”

“Yupo hapa. Anakusikia.”

“Mpe simu.”

Baba aliipokea kwa mikono miwili, akaishika mbali na uso kama sahani ya moto. “Athumani,” alisema. Akainuka, akashuka ngazi na kandambili zake, akazunguka nyuma ya jiko. Nilisikia vipande tu. “Hapana, nisikilize wewe kwanza.” Na baada ya muda, “Mimi ndiye niliyemsimamisha mtoto mbele za watu.” Kisha sauti ikawa ya chini sana, kisha ikawa kubwa, kisha nikamsikia akimwita mwenzake jina moja la utani ambalo siwezi kuliandika hapa.

Jua lilikuwa limehama kibarazani aliporudi. Macho yalikuwa mekundu. Alinipa simu bila kunitazama.

“Imekatika. Salio limeisha.”

“Mmemaliza, baba?”

“Tumemaliza nini? Ndiyo kwanza tunasalimiana,” alisema, akakaa, mkono bado ameunyoosha. “Weka lingine.”